Mfumo mpya umeanza kazi, lakini leja bado zinaandikwa kwa siri: tufanye nini?

Meneja, Moshi

Ndugu zangu, ninasimamia chama cha akiba na mikopo hapa Moshi, chenye wanachama wapatao 1,900 na watumishi 9. Kwa miaka yote hesabu zetu zilikuwa kwenye leja za karatasi na pasibuku za wanachama, hadi mkutano mkuu wa mwaka jana uliporidhia kununua mfumo wa kompyuta. Tuliuwasha tarehe 2 Januari, kwa kuwa mwaka wetu wa fedha huanza mwezi huo, na kila mtumishi alihudhuria mafunzo ya siku 3.

Wiki iliyopita, zaidi ya miezi miwili tangu tuanze, nilifungua droo ya dirisha la pili nikitafuta wino wa muhuri, nikakuta leja imeandikwa hadi muamala wa mwisho wa jana yake, kwa mwandiko safi kabisa. Kumbe makarani wote watatu wanafanya hivyo, na mhasibu wetu, mama aliyekitumikia chama miaka 22 na ambaye mimi humwamkia kila asubuhi, huzilinganisha leja hizo na mfumo kila jioni. Bodi inataka leja zikusanywe zifungiwe stoo, na atakayeendelea aandikiwe barua ya onyo. Sioni raha kutii, wala sioni namna ya kukataa. Mliopitia haya mnanishauri nini?

Afisa TEHAMA, Arusha

Ndugu Meneja, barua hiyo usiiandike kwanza. Nilishiriki kuweka mfumo katika hospitali moja ya huku kwetu, na uongozi ukaamuru majalada yote ya karatasi yaondolewe wodini kwa siku moja. Haikupita wiki mbili tukawakuta wauguzi wanaandika dozi kwenye vipande vya maboksi ya dawa. Tuliwaita wakaidi. Baadaye ndipo muuguzi mmoja alipotuonyesha kwamba sehemu ya kuandikia dawa ilikubali kidonge kizima tu, ilhali watoto wengi wodini kwake walikuwa wanapewa nusu. Kasoro hiyo ilirekebishwa ndani ya saa moja, na maboksi yakaacha kuandikwa.

Kwa hiyo keti na huyo mama, leja ikiwa wazi mezani, umuulize ni kitu gani anakipata humo ambacho kwenye mfumo hakipati. Muulize kama mwanafunzi, kwa sababu akihisi anahojiwa atakujibu kwamba ni mazoea tu, nawe utarudi na jibu ambalo halina msaada.

Na niseme wazi, Januari ilikuwa chaguo baya. Kwa mhasibu ni ukurasa mpya, lakini kwa mwanachama wa Kilimanjaro ni mwezi wa ada za shule baada ya gharama za Krismasi, wakati foleni ya mikopo inafika nje ya mlango. Karani aliyejifunza siku 3 aliwekwa mbele ya foleni ndefu kuliko zote za mwaka.

Karani wa dirishani

Naomba niseme kwa upande wetu, kwa maana mimi pia niliwahi kuficha leja.

Mwanachama wangu mmoja, mama anayeuza ndizi soko la Kiboriloni, alikuwa na mkopo wa Sh 1,200,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka. Kwenye leja riba ya mwezi wa kwanza ni Sh 12,000, hesabu anayoweza kuifanya mwenyewe akiwa kwenye daladala. Mfumo ukamdai Sh 12,230. Akaitoa pasibuku yake kwenye mfuko wa nailoni, akaiweka dirishani, akaniuliza hiyo 230 ni ya nani. Sikuwa na jibu, na nyuma yake watu walishaanza kuguna. Nilikuja kuelewa mwezi mzima baadaye kwamba mfumo ulihesabu siku 31 kati ya 365, wakati sisi tuligawa mwaka kwa 12. Hesabu zote mbili zina mantiki yake, lakini hakuna aliyetuambia kwamba tumehama kutoka moja kwenda nyingine, na mkutano mkuu haukuulizwa. Mafunzo yalitufundisha kubonyeza. Leja niliiandika ili nisiitwe mwizi.

Mkufunzi wa ushirika

Dada hapo juu amegusa kiini. Mtafiti wa mifumo ya kompyuta, Fred Davis, alionyesha mwaka 1989 kwamba mtu huikubali teknolojia akiiona ina manufaa kwa kazi yake na haimsumbui kuitumia, na manufaa ndiyo yenye uzito zaidi. Mfumo usiomsaidia karani kumjibu mwanachama hauna manufaa kwake, hata ukiwa mwepesi namna gani.

Hata hivyo sikubaliani na yeyote atakayesema leja ziachwe tu. Vitabu viwili vya hesabu, kimoja kisicho rasmi, ni mwanya wa wizi, na daftari lenye taarifa za wanachama lililofichwa kwenye droo halipatani na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zitambueni leja rasmi, zikae chini ya kufuli la mhasibu, na bodi itamke kwa maandishi kigezo cha kuzifunga, kwa mfano miezi mitatu mfululizo ya ulinganifu bila tofauti isiyoelezeka.

Meneja, Moshi

Ahsanteni sana. Jana nilikaa na mama mhasibu wetu kwa saa mbili. Alinionyesha wanachama 14 ambao salio zao ziliingizwa kwenye akaunti za wengine wakati wa kuhamisha taarifa, kwa sababu kina Mushi, Massawe na Lyimo wenye jina la kwanza moja ni wengi, na kwenye leja aliwatofautisha kwa kuandika kando "wa Kibosho" au "wa Mbokomu". Kijana wa kampuni iliyotuuzia mfumo aliyaona maneno hayo hayana kazi, akayaacha. Nilipomuuliza mama kwa nini hakuniambia, alinijibu kwamba aliniambia Januari, nami nikamwambia asubiri foleni ipungue.

Bodi inakutana Alhamisi, na nimemwomba aje yeye mwenyewe na leja zake.