Baraza la mji litumie pesa zetu kutangaza eneo la viwanda "lisiloacha taka"? Naomba ushauri kabla ya Alhamisi

Mama Briketi, Busoga

Habari za jioni, ndugu zangu. Natengeneza briketi, mkaa wa kupikia wa makapi, mwaka wa tisa huu, kwenye mji mmoja wa Uganda ambao siutaji kwa sababu jambo lenyewe bado liko mezani. Alhamisi kuna kongamano la bajeti, na wenzangu wa soko wamenichagua niwasemee.

Rasimu nimeiona. Mji una ardhi ya viwanda na unataka iitwe eneo lisiloacha taka: mabaki ya kiwanda kimoja yawe malighafi ya kingine. Wazo hilo nalipenda kwa moyo wote, maana ndilo linalolisha watoto wangu. Kinachoninyima usingizi ni kwamba karibu fungu lote ni la matangazo: filamu fupi, mabango kwenye barabara ya Malaba, safari ya maonyesho ng'ambo. Limezidi fungu la mtaro wa soko. Na pesa hizo zinatoka mapato ya ndani, yaani leseni yangu na ushuru wa yule mama anayepanga nyanya juu ya gunia.

Nyuma ya kinu cha mpunga ninakochukua makapi kuna mlima wa makapi hayo unaofika dirisha la ghorofa. Juu ni baridi, unaweza kukalia. Chomeka koleo, moshi unatoka: moto unatembea chini kwa chini wiki nzima, na upepo ukigeuka unaingia madarasani kwenye shule ya jirani. Mimi huchukua magunia 40 kwa wiki. Nayachoma kwenye pipa lililofunikwa mpaka yawe meusi, nasaga, nachanganya na vumbi la makaa na uji wa muhogo, naanika. Kwenye mlima ule hata dalili kwamba kuna aliyechukua huioni. Zamani nilipewa bure. Tangu habari za eneo la viwanda zienee, gunia ni shilingi 1,000, na nimeambiwa nijiandae, kuna mkubwa atakuja kubeba yote. Mkubwa hajafika. Moshi upo.

Je, baraza linaruhusiwa kutumia pesa hivi? Na mimi nidai nini?

Mhasibu Mstaafu, Tororo

Mama, pole na kazi. Nimekaa na vitabu vya hesabu vya wilaya miaka 22. Linaruhusiwa, mradi ni mapato ya ndani na baraza limepitisha. Pesa za masharti kutoka serikali kuu, za shule, afya na barabara, hazihamishwi kwa kazi hiyo. Ndiyo maana wameegemea ushuru wenu. Na tangu kodi ya kichwa ifutwe mwaka 2005, mfuko huo ni mwembamba. Kwa hiyo usiwaambie wanavunja sheria, watakushinda kwa vifungu.

Waulize kazi hiyo ni ya nani. Kuita wawekezaji wa nje kuna Mamlaka ya Uwekezaji ya Uganda tangu 1991. Mamlaka hiyo haitakuja kuzibua mtaro wenu. Kisha dai fungu liandikwe kipande kwa kipande. Nimeuona mstari mmoja wa "kutangaza" ukimeza mafuta ya gari, posho za vikao na fulana, na mkaguzi alipokuja hapakuwa na jina hata la mgeni mmoja aliyepiga simu.

Sema sasa. Bajeti inapaswa kupitishwa kabla Mei haijaisha, mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Ukingoja Aprili utakuta wameshakubaliana.

Kijana wa Mbale

Mimi nawatetea kidogo. Mgeni akitua Entebbe, anaonyeshwa eneo la viwanda la Namanve: zaidi ya ekari 2,000, karibu na Kampala. Nani atamwambia kuna mji mdogo Busoga wenye makapi ya mpunga na vijana wanaotafuta kazi? Hapa kwetu, eneo la viwanda la Wachina lilipozinduliwa 2018, ndipo wengi walipogundua kwamba Mbale kunawezekana kujengwa viwanda. Mji unaonyamaza unapitwa. Safari ya ng'ambo wafute, hapo niko nawe Mama. Lakini usiue matangazo yote.

Fundi Boila, Jinja

Mama, na wewe kijana, nisikilizeni. Nimechunga boila, mtambo wa kuchemsha maji yawe mvuke, maisha yangu yote.

Nendeni kiwanda cha sukari cha Kakira. Miwa ikishakamuliwa, makapi yanaingia boila, mvuke unazungusha tabo, yaani mashine ya kuzalisha umeme, na umeme huo unaendesha kiwanda na unaobaki unauzwa kwenye gridi. Molasi inakuwa spiriti. Au shukeni Masese mtazame sangara: minofu inapanda ndege, mabondo, vile vifuko vya hewa vya samaki, yananunuliwa na Wachina, na mgongo wazi, yaani mifupa iliyobaki na nyama kidogo, haufiki saa nne asubuhi kabla akina mama hawajaugombania kwa kukaanga. Kila kitu kina mnunuzi anayejulikana, na anajua atapata kiasi gani.

Watu hupenda kutaja Kalundborg, Denmark, mji ambao viwanda hupeana mabaki. Kule walianza wawili wawili. Mwaka 1972 kiwanda cha bodi za jipsamu kilianza kupokea gesi ambayo kiwanda cha kusafisha mafuta kilikuwa kinaichoma bure. Miaka ya 1980 mtambo wa umeme ukaanza kuwauzia majirani mvuke. Miaka mingi walikuwa wanafanya hivyo kabla jambo lenyewe halijapewa jina.

Na mvuke hausafiri mbali. Bomba likirefuka unapoa, unageuka maji njiani. Anayetoa na anayetumia inabidi wawe ukuta kwa ukuta. Sasa kama mji utagawa viwanja kwa atakayetangulia kulipa, mwenye boila atakuwa huku, mwenye kuhitaji joto kule ng'ambo ya barabara, na hakuna filamu itakayowasogeza. Ramani ya nani akae na nani ije kwanza.

Makapi ya mpunga nayo yana tabia yake. Majivu yanakaribia sehemu moja ya tano, tena ni kama mchanga, yanakwangua mabomba. Mnunuzi wa kweli atauliza: tani ngapi, unyevu gani, miezi gani? Kiwanda cha saruji cha Hima, Kasese, kimewahi kuchoma makapi ya kahawa na ya mpunga kwenye tanuru lake. Wateja wapo. Hawawezi kununua wasichokijua uzito wake.

Binti Kawempe

Mimi nakaa karibu na Kiteezi. Usiku wa kuamkia 10 Agosti 2024 ulinyesha, asubuhi ile dampo la tangu 1996 likaporomokea nyumba na watu. Waliokufa walipita 30. Mama, nakuomba uulize kitu kimoja: mabaki yatakayokosa mnunuzi yatapelekwa wapi, na kwa gari la nani. Wataje mahali.

Mama Briketi, Busoga

Asanteni sana. Fundi, maneno yako yalinipeleka kinuni jana asubuhi na daftari na mizani ya kuning'iniza. Gunia langu ni kilo 14. Msimamizi hakujua wanatoa makapi kiasi gani, hajawahi kuulizwa. Tukahesabu mpunga unaoingia, maana kila tani moja huacha kilo 200 hivi za makapi, tukaandika mwezi kwa mwezi tangu Januari. Miezi miwili ya ukame kinu hakisagi kabisa. Huyo mkubwa akija na boila, miezi hiyo atachoma nini?

Alhamisi nitaomba hivi: safari ifutwe, pesa zake ziwalipe vijana wawili wenye mizani wapite kila kiwanda na kila kinu kabla kiwanja hakijagawiwa. Watakachoandika ndicho kiwe tangazo, Kijana wa Mbale, na hilo nitalipigania hata mimi. Wadogo tuandikiwe sehemu yetu ya makapi, kwa bei inayojulikana. Mtaro wa soko ubaki ulivyo kwenye rasimu, usipunguzwe. Na swali lako, Binti Kawempe, nitalianza nalo.

Mwenye kinu alikuja tukiwa tunamalizia. Akasoma ile karatasi amesimama, akairudia tena, akaniomba nimwachie nakala.