Naomba ushauri: Dada yangu amenyimwa chumba kwa sababu mwanawe ana ualbino

Habari zenu ndugu. Dada yangu ni mjane, anauza dagaa Kirumba, Mwanza, na mwezi uliopita dalali alimpatia chumba Pasiansi, wakakubaliana kodi ya miezi sita. Siku ya kukabidhiwa ufunguo, mwenye nyumba alipomwona mtoto, ambaye ana ualbino, alirudisha fedha akisema hataki matatizo nyumbani kwake. Wapangaji wawili walisikia. Kwa historia ya mauaji ya watu wenye ualbino tuliyoishuhudia Kanda ya Ziwa, naweza kuelewa hofu, lakini anayeibeba hofu hiyo ni mtoto, si mwenye nyumba.

Najua Ibara ya 13 ya Katiba ya mwaka 1977 inakataza ubaguzi, ikitaja rangi, kabila, dini, jinsia na hali ya maisha, na ipo pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Mashaka yangu ni iwapo haya yanambana mtu binafsi mwenye chumba kimoja cha kupangisha, hasa kwa kuwa hapakuwa na mkataba wa maandishi. Mwenyekiti wa mtaa alitujibu kwamba nyumba ni mali ya mtu.

Je, tuanzie kwa afisa ustawi wa jamii wa manispaa, au twende moja kwa moja Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya? Na ushahidi wa wapangaji wale tuuandike sasa, kabla hawajahama? Chumba chenyewe hatukitaki tena. Tunataka halmashauri itamke wazi kwamba hili haliruhusiwi.