Yah: Klabu ya kujitolea mtandaoni kwa watu wasiolala wakati mmoja

Ujumbe wa 1, kutoka kwa mratibu mpya

Ndugu zangu,

Salaam kwenu nyote. Sisi ni watu 17 tunaoishi katika nchi tano, na tangu mwanzoni mwa mwaka tumekuwa tukijaribu kuanzisha klabu ya kujitolea ambayo shughuli zake zote, kuanzia vikao hadi kazi zenyewe, zitafanyika mtandaoni. Wengi wetu tunafanya kazi za zamu, wawili ni wanafunzi na wanne wana watoto wachanga, kwa hiyo tulikubaliana kwamba klabu isiwe na masharti magumu: anayepata nafasi ahudhurie, na asiyepata asilaumiwe. Kikao cha kwanza kilikuwa na watu 14, cha pili tisa, na cha tatu tulikuwa watatu tukitazamana. Kundi letu la WhatsApp lina uhai wake, maana salamu za asubuhi na video za kuchekesha zinafika bila kukosa, lakini hakuna kazi hata moja ya kujitolea iliyokwisha kufanyika.

Naomba wenye uzoefu watusaidie kwa mambo mawili. Kwanza, je, tuyakaze masharti au tuyalegeze zaidi? Pili, mtu aliyetoka zamu ya usiku, mwenye dakika 40 tu kabla ya kulala, anaweza kufanya kazi gani ikamfaa mtu mwingine?

Natanguliza shukrani.

Ujumbe wa 2, jibu kutoka kwa aliyekuwa katibu wa klabu kwa miaka minne

Dada Mratibu, pole na hongera kwa pamoja.

Klabu yetu ya kwanza ilikufa kwa ugonjwa huo huo katika mwezi wake wa nane. Ya pili, niliyoitumikia kama katibu, ingali hai, na siwezi kusema kwamba wanachama wake ni bora zaidi kwa sababu nusu yao ni wale wale. Klabu ya kwanza ililegeza ahadi. Ya pili ililegeza saa. Mtu akiambiwa "fanya utakapoweza", kazi haimdai, na kazi isiyomdai mtu hungoja mpaka isahaulike. Akiambiwa kwamba kurasa hizi tatu ni zake hadi Jumapili, azifanye alfajiri au usiku wa manane apendavyo, hapo anajua anachodaiwa na bado ratiba yake iko mikononi mwake. Kwa hiyo viacheni vikao viwe vya hiari, ila kila kazi iwe na mwenyewe mmoja, ukubwa unaojulikana na tarehe ya kukabidhiwa. Nasema mmoja kwa makusudi, kwa kuwa kazi waliyopewa wawili kila mmoja hudhani mwenzake ameishika.

Watakuwapo watakaokwambia kwamba klabu isiyo na mahudhurio si klabu. Rotary, chama cha kimataifa cha klabu za kujitolea kilichoanzishwa Chicago mwaka 1905, ilipata jina lake kwa sababu wanachama wake wa mwanzo walikutana kwa zamu katika ofisi za kila mmoja wao, na kwa miongo mingi ilisifika kwa ukali wa mahudhurio, kiasi kwamba aliyekosa kikao cha klabu yake alitakiwa kukifidia katika klabu nyingine. Chama hicho hicho kilizikubali rasmi klabu za mtandaoni mwaka 2010 baada ya majaribio ya miaka kadhaa, na mwaka 2016 kikaziruhusu klabu zake kujiamulia namna ya kukutana, mradi zikutane angalau mara mbili kwa mwezi. Sioni kwa nini ninyi muanze na daftari la mahudhurio ambalo wao wenyewe wamelilegeza. Sisi tulihesabu kazi zilizokabidhiwa, katika jedwali lenye safu nne tu: kazi, mwenyewe, tarehe, na kama imekabidhiwa. Mwaka wa pili, aliyeongoza kwa kazi alikuwa mwanachama ambaye hakuwa ameonekana kikaoni kwa miezi mitano. Wengine tulikwisha kumsahau sura.

Sasa niingie kwenye jambo lililotusumbua kuliko yote, nalo ni saa. Tulitangaza kwamba kikao ni Alhamisi, saa mbili usiku. Kwa aliyezoea kuhesabu saa kwa Kiswahili, hiyo ni 20:00 na hakuna la kuuliza. Lakini tunao wanachama waliokulia ughaibuni, ambao Kiswahili walifundishwa na wazazi na saa wakafundishwa shuleni, nao waliona namba mbili na neno usiku, wakatega simu ziwaamshe saa 02:00. Mmoja wao, muuguzi, aliamka, akaosha uso, akafungua kompyuta na kukaa peke yake katika chumba cha mkutano kwa dakika 25, kisha akatutumia picha ya skrini yenye uso wake mmoja katikati ya weusi mtupu, na chini yake ameandika: "Nimewahi au nimechelewa?" Hatukuwa na jibu la haraka, kwa sababu hata "usiku wa Alhamisi" kuna anayeuelewa kuwa ni usiku wa kuamkia Alhamisi.

Tangu siku hiyo saa zote zinaandikwa kwa mtindo wa saa 24, zikifuatwa na herufi UTC, yaani saa ya marejeo ya dunia nzima, na tarehe kamili. Hata hivyo, UTC haimalizi tatizo. Nchi za Umoja wa Ulaya na Uingereza husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ilhali sehemu kubwa ya Marekani na Kanada hufanya hivyo Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa sababu hiyo, kwa wiki mbili au tatu za Machi na wiki moja ya vuli, tofauti ya London na New York huwa saa nne badala ya tano. Majimbo ya kusini mwa Australia nayo husogeza kwa upande wa pili, na Afrika Mashariki haisogezi kabisa. Kikao kilichofungwa kwenye UTC hakisogei, lakini saa za kuingia kazini na za kuwapeleka watoto shule husogea, na ndipo watu wanapoanza kupotea bila kuaga. Dawa yetu ilikuwa kuichagua saa ya kikao upya mara mbili kwa mwaka, katikati ya Aprili na katikati ya Novemba, nchi zote zikishatulia.

Kuna jambo jingine linalohusu waliolala. Muhtasari wa kikao uandikwe siku hiyo hiyo, usizidi ukurasa mmoja, na uamuzi wowote ukae wazi kwa saa 72 kabla ya kuanza kutekelezwa. Aliyekuwa kazini au usingizini apate nafasi ya kusema hapana. Mara chache sana mtu alisema hapana, lakini manung'uniko kwamba "wenye klabu ni wale wa saa fulani" yalikwisha kabisa.

Kuhusu dakika 40 za mtu aliyetoka zamu, ninayo kazi ninayoipenda, nayo ni kuchora ramani. Baada ya tetemeko la ardhi la Haiti, Januari 2010, watu wa kujitolea waliokuwa mbali sana na nchi hiyo waliichora Port-au-Prince kutoka kwenye picha za setilaiti, wakiitumia OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa mwaka 2004. Tangu mwaka 2014 upo mradi wa Missing Maps, ulioanzishwa na Msalaba Mwekundu wa Marekani na wa Uingereza, Madaktari Wasio na Mipaka na Humanitarian OpenStreetMap Team, unaochora maeneo yaliyo hatarini kabla maafa hayajatokea. Eneo hukatwa katika viraka vidogo. Unachukua kiraka kimoja, kinafungwa kwa jina lako ili mwingine asikigombee, unachora nyumba na barabara unazoziona, unakikabidhi, na mtu mwenye uzoefu zaidi anakikagua. Ukiishia njiani unakiachia kwa mwingine. Angalia kwamba hicho ndicho nilichosema hapo juu: mwenyewe mmoja, ukubwa unaojulikana, na mwisho unaoonekana.

Mtakaoanza, jueni kwamba makosa ya wageni hufanana. Mtu huchora paa lililoegemea upande mmoja kwa sababu setilaiti ilipiga picha kwa mshazari, badala ya kuchora nyumba pale inapokutana na ardhi. Au huacha pembe za nyumba zikiwa zimepinda, wakati ukibonyeza herufi Q katika kihariri cha kawaida pembe zote hunyooka. Mkaguzi wa kwanza alinirudishia nyumba karibu zote za kiraka changu cha kwanza, nami nilinuna siku mbili.

Asiyeweza kukaa mbele ya kompyuta ajaribu Be My Eyes, programu iliyoanzia Denmark mwaka 2015, ambamo mtu asiyeona hupiga simu ya video ili asomewe tarehe ya mwisho ya dawa au aelezwe rangi ya shati. Simu huita kwa watu kadhaa kwa pamoja, hivyo usipopokea wewe atapokea mwingine. Wapenda kuandika wanayo Wikipedia ya Kiswahili, iliyopo tangu mwaka 2003 na yenye makala nyingi za mistari mitatu zinazongoja mtu.

La mwisho, wekeni likizo. Mwanachama aandike "napumzika" bila kueleza sababu, kazi zake zigawiwe wengine, na akirudi aandike "nimerudi" bila kuomba radhi. Kwetu wengi waliopotea walizuiwa na aibu ya kurudi kuliko uchovu.

Ujumbe wa 3, jibu kutoka kwa mweka hazina wa klabu nyingine

Kaka Katibu amesema mengi, ila amekwepa fedha. Ushauri wangu ni kwamba mwaka wa kwanza msikusanye hata senti. Sisi tulikusanya michango katika akaunti binafsi ya mwenzetu mwaminifu kabisa, na kwa kuwa kiasi kidogo kidogo kiliingia kutoka nchi nyingi chini ya majina tofauti, benki yake iliifunga akaunti hiyo pamoja na mshahara wake ndani yake hadi aeleze kila muamala. Ilimchukua wiki sita. Hakuna aliyeiba, lakini yeye ndiye aliyekopa kodi ya nyumba. Siku mtakapohitaji fedha, sajilini klabu kwanza, mfungue akaunti kwa jina la klabu yenye watia saini wawili, na hesabu zisomwe na kila mwanachama wakati wowote bila kuomba ruhusa.

Halafu sikubaliani na Kaka kuhusu mwenyewe mmoja kwa kila kazi. Kwa ramani na tafsiri, sawa. Lakini nywila za klabu zishikwe na watu wawili wasioishi nchi moja. Katibu wetu aliugua ghafla, nasi tukakaa mwezi mzima nje ya jedwali letu wenyewe.

Ujumbe wa 4, jibu kutoka kwa mwanachama msomaji

Naongeza mambo mawili kwa ufupi. Wanafunzi hao wawili wasome masharti ya viza zao kabla ya kuahidi kazi yoyote. Uingereza, kwa mfano, hutofautisha kujitolea kwa hiari na kazi isiyo na malipo yenye majukumu ya kimkataba, na hiyo ya pili huhesabiwa ndani ya saa za kazi alizoruhusiwa mwanafunzi kwa wiki. Aidha, mtu akipendekeza kufundisha watoto kwa video, msikubali kwa sababu tu ni jambo jema. Pasiwe na mtu mzima mmoja peke yake na mtoto mmoja kwenye skrini, hata akiwa ni mtu mnayemfahamu, na mwalimu awe amekaguliwa rekodi yake kwa utaratibu wa nchi anayoishi. Kama hamna mtu wa kuusimamia utaratibu huo, chagueni kazi nyingine.

Ujumbe wa 5, kutoka kwa mratibu mpya

Kaka Katibu, Mweka Hazina na ndugu msomaji, asanteni sana. Nimezungumza na wenzangu na tumekubaliana kuanza na ramani pekee kwa miezi mitatu, bila michango yoyote. Nywila nimezigawa leo kwa mwenzangu aliye nchi nyingine. Kati ya watu 17, sita wamekwisha kuchukua kiraka kimoja kimoja cha kukabidhi Jumapili saa 18:00 UTC, wawili wameandika "napumzika", na mmoja ameniuliza faraghani kama hiyo 18:00 ni saa kumi na mbili ya jioni au ya asubuhi. Nimemjibu kwa namba, na nimeongeza mstari mmoja juu ya jedwali letu unaosema kwamba saa zote ni za mtindo wa saa 24.