Naomba ushauri: matibabu ya ulevi ya kushinda kituoni na kulala nyumbani

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Niko Masasi, kaka yangu nipa (gongo ya mabibo ya korosho) imemmaliza jamani, zamani ilikuwa uraka tu, ile pombe nyepesi ya mabibo, tena msimu wake sasa hivi anaamka nayo. Mwezi uliopita tulimfungia ndani aache, siku ya pili mikono ikaanza kutetemeka mara akaanguka kifafa, hospitali wakatuambia mlevi wa kila siku akikatishwa ghafla bila daktari anaweza kufa, na sisi tulidhani tunamsaidia! Akalazwa siku 5, karudi, wiki haijaisha kaanza tena.

Sasa binamu yetu aliyeko Marekani anasema kule kuna matibabu ya kutwa, mgonjwa halazwi, anashinda kituoni kama masaa 20 au zaidi kwa wiki, anapata daktari, dawa, ushauri nasaha, vikundi, usiku analala kwake. Soba hausi (nyumba za kuacha ulevi, unakaa hukohuko) kaka hataki hata kusikia ila hii kaikubali.

Naomba kujua, huku kusini au hata Dar wapi wanafanya hivi? Na mtu aliyeshaanguka kifafa cha pombe anaanza moja kwa moja au alazwe kwanza mwili utulie? Jirani yetu wa mlango wa pili anapika nipa, usiku ndio naouogopa.