Kazi za nyumbani kwa watoto wadogo: ratiba ya ukutani, zamu, kazi ya kudumu au kuwalipa?

MamaWatatu_Tabata

Habari za jioni wapendwa. Nina watoto watatu: wa kiume miaka 9, wa kike miaka 6 yuko darasa la kwanza, na kitinda mimba wa kiume miaka 4, chekechea. Dada aliyekuwa anatusaidia amerudi kwao Singida, na mimi na baba yao tumeamua tusitafute mwingine kwa sasa. Mimi nafunga duka na kufika nyumbani saa 1:00 usiku. Mama mkwe anashinda nao, ila miguu inamsumbua, hawezi kuinama wala kubeba ndoo. Kwa hiyo watoto inabidi washike kazi.

Nimejaribu au kusikia njia nne:

1. Ratiba ya ukutani. Niliiandika kwenye manila, saa kwa saa: 10:15 kuvua sare, 10:30 kula, 11:00 vyombo, mpaka kulala. Tuliifuata yote siku ya kwanza tu.
2. Zamu. Leo wewe, kesho mwenzako. Hapa ugomvi hauishi, kila jioni "jana nilifanya mimi".
3. Kila mtoto na kazi yake isiyobadilika.
4. Kulipa. Jirani yangu anawapa wake shilingi 200 kwa kila kazi.

Naomba kusikia kwa mliojaribu. Ipi ilidumu zaidi ya mwezi?

BabaPacha_Dodoma

Sisi tulianza na namba 4. Shilingi 100 vyombo, 200 kufagia uwanja. Wiki ya kwanza nyumba iling'aa, nikawa nawasifia kwa kila mgeni. Wiki ya tatu mvua ikatukuta jioni, nguo zote ziko kwenye kamba na mama yao yuko bafuni. Nikaita waanue haraka. Kulwa akasimama mlangoni, akaniuliza kuanua ni shilingi ngapi. Alikuwa na miaka 7. Hakuwa na ujeuri hata kidogo, aliuliza kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha hivyo. Nguo zikalowa zote, na usiku uleule tukafuta malipo. Sasa kila Jumamosi wanapata hela yao kidogo ya matumizi, wamefanya kazi au hawajafanya, na kazi za nyumba hazina bei.

Kuhusu zamu, shida yako iko kwenye siku. Ukipanga zamu ya siku moja moja, watoto wanakuwa makarani, wanahesabu. Panga wiki nzima. Jumapili usiku wanabadilishana: aliyekuwa kwenye vyombo anahamia kwenye kufagia na kumwagilia. Tuna mwaka wa pili sasa. Ila wangu ni pacha, nguvu zao zinalingana. Wako wamepishana sana, huyo wa miaka 4 asiingie kwenye zamu.

MwalimuWaAwali

Mama Watatu, ratiba yako ilikufa kwa sababu ya saa. Mtoto wa miaka 4 hana saa 10:15 kichwani. Ana "nikivua viatu", "nikimaliza kula", "kabla ya katuni". Toa saa zote, panga jambo moja lifuate jingine, na usizidishe mambo matatu kwa kipande kimoja cha siku. Asiyejua kusoma mchoree, au mwache achore mwenyewe. Alichokichora atakuwa na hamu ya kukifuata.

La pili ni vifaa. Maria Montessori alipofungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907, alitaka meza, viti na vifaa vilingane na mwili wa mtoto. Nyumbani haihitaji gharama. Kata fagio la chelewa liwe fupi, ulifunge upya kwa mpira. Kitambaa cha kufutia kikate mara mbili ili kienee kwenye kiganja chake. Weka stuli imara mbele ya karo. Mtoto anayeambiwa hajui kufagia, mara nyingi kapewa fagio refu kuliko yeye.

La tatu, mfundishe kwa mikono. Shuleni nikifundisha kukamua kitambaa nakaa kimya. Nakikunja, naminya, nazungusha mkono wa kulia mbele na wa kushoto nyuma, maji yanadondoka kwenye beseni, wao wanatazama tu. Nikiongea wanatazama mdomo wangu.

Kwa umri wa wako ningegawa hivi: wa miaka 4 apange viatu, agawe vijiko, apeleke nguo chafu kwenye tenga. Wa miaka 6 atandike kitanda, afagie chumba, aoshe vikombe vya plastiki. Wa miaka 9 vyombo vilivyobaki, soksi zake na meza ya chakula.

Na panga kuanzia mwisho. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa miaka 3 hadi 4 anahitaji masaa 10 hadi 13 ya usingizi, pamoja na wa mchana, na kukaa mbele ya skrini kusizidi saa moja kwa siku. Kama anaamka saa 11:00 alfajiri, saa 2:00 usiku awe ameshalala, na mchana pia apate usingizi. Maana yake ukifika nyumbani saa 1:00 kazi ziwe zimekwisha. Muda huo uwe wa kula, kuongea na wewe, na kulala.

BintiMalindi

Mimi nipo upande wa namba 3, kwa sharti moja. Kazi za kudumu zikiachwa zijigawe zenyewe, hujigawa kwa jinsia. Kwetu Malindi tulikuwa wasichana watano na wavulana wawili. Ndugu zangu hawakuwahi kuosha sufuria. Mkubwa wao alipopata kazi Doha, alikuwa akinipigia simu usiku kuniuliza wali watiwa maji kiasi gani, mtu mzima wa miaka 26. Niliona huruma sana, maana hakuna aliyemwonea, ila hakuna aliyemfundisha.

Kwa hiyo mwanangu wa kiume, miaka 8, vyombo ni vyake muhula huu. Dadake wa miaka 5 ndiye wa kumwagilia mimea na kuwapa kuku maji. Muhula ujao twabadilisha. Shuleni nako mambo yamegeuka, maana tangu CBC, mtaala wa umilisi wa hapa Kenya, iingie gredi za chini mwaka 2019 watoto huja na kazi za mikono za kufanya nyumbani, basi hizo nazitumia, naziunganisha na kazi za kweli.

Kuhusu saa, mwalimu amesema kweli. Sisi saa yetu ni adhana. Alasiri wako chuoni (madrasa), wakirudi hucheza mpaka magharibi, na ikiadhiniwa magharibi kila mtu yuko ndani na viatu viko mahali pake. Siwaiti.

UstawiArusha

Niongeze kwa wanaoogopa kuambiwa wanawatumikisha watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hapa Tanzania inakataza kazi zinazoumiza afya, masomo au makuzi ya mtoto. Sheria hiyohiyo inataja pia wajibu wa mtoto kwa familia yake, na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 una ibara nzima, ya 31, kuhusu wajibu huo. Angalia kazi inakula nini. Ikila usingizi, daftari au mchezo, ipunguze.

Muuguzi_Mwanza

Kabla ya ratiba yoyote, nenda jikoni uangalie sabuni ya vyombo iko kwenye chupa gani. Nawaomba sana. Tunanunua sabuni ya maji, jiki na mafuta ya taa mtaani, tunapimiwa kwenye chupa za soda na maji ya kunywa. Mtoto anayeanza kuingia jikoni peke yake ndiye anayekunywa. Nimewapokea wodini, na kila mzazi anasema "nilikuwa hapo hapo". Hamishia kwenye chombo kisichofanana na cha kinywaji na ukiweke juu. Ikitokea amekunywa, usimtapishe, mkimbize hospitali na chupa yenyewe.

Gesi, mkaa na maji ya moto viwe mbali na hao wadogo wawili. Na kwa wenye mtoto anayetambaa, ndoo yenye maji isibaki wazi sakafuni, hata ikiwa na maji kidogo.

BibiWaMarangu

Mwanangu, mama mkwe umemtaja mara moja, tena kwa sababu ya miguu. Lakini saa 10:00 watoto wanapoingia ndani, wewe uko dukani na yeye ndiye yuko nao. Ratiba uliyoipanga wewe na manila yako, yeye ataisimamia vipi? Kaa naye umuulize angependa jioni yake iende vipi. Atakuambia mambo usiyoyajua kuhusu watoto wako.

Nami magoti yananisumbua. Nimelea wajukuu wanne nikiwa nimekaa. Naweka sinia la maharage mapajani, wadogo wanakuja pembeni yangu kuchambua mawe, nawahadithia, na huku nikimtazama mkubwa anafagia. Anayefanya kazi ni wao, mimi nipo tu. Mtoto mdogo hapendi kufanya kazi kwenye chumba kisicho na mtu.

MamaWatatu_Tabata

Narudi baada ya wiki tatu. Bibi, maneno yako yalinifanya nilie kidogo, maana ni kweli sikuwa nimemuuliza. Jumamosi tulikaa wote. Mama akasema jambo moja ambalo sikulijua: binti akitoka shule huwa anasinzia, ukimpa kazi kabla hajala na kupumzika lazima alie. Sasa anakula, anajinyoosha mkekani, ndipo anashika fagio.

Manila ya zamani tumeibandua. Wakubwa wawili wana zamu ya wiki kama ya Baba Pacha, ila vyombo vizito anavimalizia kaka hata wiki isiyo yake. Mdogo ana kazi zake za kudumu: viatu, vijiko, na kuchambua mchele na bibi. Amechora viatu vyake mwenyewe, vimekaa kama samaki wawili, lakini kila akipita anavigusa kwa kidole na kwenda kuvipanga. Hela hatutoi. Sabuni ilikuwa kwenye chupa ya soda, muuguzi ahsante, nimeihamisha usiku uleule.

Jioni imetulia. Kaka aliunguza sufuria moja akijaribu kupasha maharage bila kuambiwa, tumezungumza, jiko bado. Iliyobaki ngumu ni asubuhi. Gari la shule linapiga honi saa 11:40 na kuna soksi moja haionekani, au daftari. Hapo nisaidieni.

BabaPacha_Dodoma

Asubuhi usimpe mtu kazi yoyote. Begi, sare, soksi ndani ya viatu, vyote vilale mlangoni tangu usiku. Na mpanga viatu si unaye? Hiyo iwe kazi yake ya mwisho kabla ya kwenda kulala, jozi tatu, zitazame nje.