Mrejesho: ile warsha ya walimu wa anatomia

Wadau, niliwauliza nitapimaje warsha yetu ya Kisumu, ya wahadhiri wa anatomia wanaotaka kutafiti ufundishaji wao. Mkanielekeza kwenye ngazi 4 za kupima mafunzo, alizotoa Mmarekani Donald Kirkpatrick mwaka 1959: waliipokeaje, walijifunza nini, walibadilika kazini, na matokeo yake. Asanteni sana.

Fomu za siku ya mwisho zilisifu kila kitu, hata samaki wa mchana (hapo sibishi). Miezi 6 baadaye nikawapigia simu. Mmoja akanisomea swali lake la utafiti: mwanafunzi hukumbuka zaidi mishipa ya fahamu ya mkono akipasua maiti, au akitumia modeli ya plastiki? Wawili hawajaandika hata mstari, vipindi vimewalemea. Fomu yangu haikuwa imeuliza kama watapata muda wa kutafiti.