Umesimama mbele ya mlango wangu, mkono umeushika, halafu unauliza mlango wa mbele uko wapi???

Wakuu habari za usiku, wa kulala laleni, mimi leo silali, nina hasira mpaka simu inateleza mkononi.

Sitamtaja jina. Mnamjua. Kama umewahi kula pilau la shughuli yoyote kuanzia Tegeta mpaka Bunju basi unamjua, yule anayefika kabla ya maturubai na kuondoka na mfuko. Huyo huyo. Leo tulikuwa na dua ndogo ya kuhamia hapa kwangu Madale, ndugu, majirani na wenzangu wa kikoba, sasa huyu mtu kaingia getini, kapanda ngazi, kasimama kibarazani, kashika kile chuma cha kugongea chenye kichwa cha simba, KAKISHIKA, halafu kawageukia wenzake na sauti ya konda wa daladala: "Jamani si huu wa stoo? Wa mbele uko wapi?"

Wa mbele uko wapi. Mkono uko kwenye simba!

Na watu wakasikia. Ustadhi alikuwa anatafuta miwani yake akaacha kuitafuta.

Ngoja niwaeleze huo mlango mjue ukubwa wa tusi lenyewe. Mimi tangu tunamwaga msingi nilikuwa nautaka ule wa vinyumba vya mashamba vya Uingereza, kotegi wanaziita, vile vya mawe ya rangi ya asali vya kule Cotswolds mnavyoviona Pinterest. Mbao nene zimesimama wima, nyuma zimeshikwa na mikanda na mmoja wa mshazari, juu kidirisha cha vioo vidogo vidogo, halafu umekatwa katikati ili nusu ya juu ifunguke peke yake. Wenzetu waliukata hivyo hewa iingie mifugo isiingie, na mimi kuku wa jirani sina pa kuwapeleka na joto la Dar mnalijua wenyewe, kwa hiyo juu wazi upepo unapita, chini kuku anaishia kibarazani ananitazama. Hiyo ni akili, siyo urembo tu.

Keko nimezunguka mpaka wauza kahawa wakawa wananiamkia. Mafundi wote jibu moja, dada huo ni mlango wa zizi, chukua wa paneli sita tukuwekee na nakshi ya ua. Mpaka nikapata mzee mmoja akanielewa, akaniambia kama ni wa nje paini achana nayo, mchwa wa Madale watakuombea dua, tafuta mninga uliokauka vizuri, na kwa kuwa umekatwa nusu bawaba ziwe nne, mbili juu mbili chini, na pembeni aache uwazi wa milimita 3 hivi maana masika mbao inanywa unyevu inavimba, ukibana sana utaufungua kwa bega. Mzee wa watu kafanya kazi, unausukuma kwa kidole.

Rangi sasa. Nilitaka kijani iliyopauka, ile yenye ujivujivu. Fundi rangi akachanganya nyeupe na kijani na tone la nyeusi, akinionyesha namwambia punguza, akinionyesha namwambia rudisha kidogo, mwisho akaniuliza kwa upole dada nyumbani mko salama? Tuko salama. Nataka kijani yangu.

Pembeni nimeweka vyungu, kimoja mrehani, kingine asumini nimeitegea kamba ipande mpaka juu ya fremu. Kwenye nusu ya juu nimetundika shada la ukindu la kusuka nimelichomeka karafuu, ukisukuma tu harufu inakupokea. Chini kizulia cha makumbi kimeandikwa KARIBU.

Kwa hiyo naomba mnielewe. Mtu mzima mrehani umemgusa dera, karafuu imempiga puani, kakanyaga KARIBU kwa miguu yote miwili, kashika simba, anauliza wa mbele uko wapi. Mama, stoo ya nani ina asumini?

Halafu akaingia! Kwa huo huo wa stoo. Akala, akaongeza, akafungiwa na vya watoto. Na wakati wa kuondoka, nishikeni, akatokea mlango wa JIKONI, ule wa bati waliouacha mafundi wa saiti, akanipigia kelele toka uani, "sasa mbona mlango mzuri mmeuficha huku nyuma?"

Wa bati!!!

Na kwake kuna nini? Mlango wa chuma wa Kichina, maua ya dhahabu ya kubandika yamebanduka upande mmoja, kitasa kinafunguka siku kinapojisikia, watu tunaingilia dirishani. Nimewahi kusema kitu? Sijasema. Nimeingia dirishani nikasema hongera.

Najua humu unasoma. Wa mbele uko wapi?? Mxiuuu.

Majibu

Kibatari: Uzi bila picha ni chai. Weka mlango.

Kiroboto: Nimesoma mpaka mwisho natafuta kosa la huyo mama sijaliona. Mlango nusu, wa kijani, kuku anachungulia. Mimi ningeuliza maziwa lita bei gani

Mleta uzi: @Kiroboto wewe umetumwa. Umetumwa na tunajua na nani

Seremala Mstaafu: Subirini kwanza, turudi nyuma kidogo. MNINGA UMEPAKWA RANGI???? Dada yangu mninga unapigwa msasa mpaka mkono unateleza, unapaka vanishi, unaona ile mistari myekundu imelala, mgeni anasimama hapo anasahau alichokuja kukopa. Wewe umeufunika na kijani. Kama ulikuwa unataka rangi si ungechukua paini yenye dawa za Mufindi huko ukapaka hiyo hiyo chenji ikabaki. Mimi kwenye hili niko upande wa huyo mama.

Kibatari: Kaka kaumia kuliko mwenye mlango

Mleta uzi: Mlango wangu mninga wangu rangi yangu. Mada ni tusi, siyo mti. Alikuwa AMEUSHIKA

Mama Kijacho: Dada pole. Huyo mama namjua, kwangu alikuja kuona tiles za sebuleni akaniuliza za chooni ziliishia sebuleni au za sebuleni ziliishia chooni. Mpaka leo sijapata jibu

Mleta uzi: Ndiye huyo!! Mwenye dera la zambarau

Mama Kijacho: Wa kwangu hajawahi kuvaa dera. Basi wako wengi

Mtu wa Bagamoyo: Mnahangaika na mashamba ya Uingereza wakati Bagamoyo iko hapo, unakwenda unarudi siku hiyo hiyo. Milango ya nakshi, mnyororo umechongwa kuzunguka fremu, samaki, mayungiyungi, njumu za shaba nene unaweza kuning'iniza mkoba. Mji Mkongwe kule Unguja umeingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000 na wageni wanapanda ndege kuja kupiga picha milango tu. Wazee wetu wanasema zamani mlango unasimamishwa kwanza halafu nyumba ndiyo inaufuata. Hajawahi kutokea mtu akasimama pale akauliza wa mbele uko wapi.

Kiroboto: Hahahahaaa uzi ufungwe

Mleta uzi: Bagamoyo nayo utailipia wewe? Unajua mchongaji anataka shilingi ngapi kwa mnyororo mmoja?

Punguza Mwendo: Na hao Waingereza wenyewe mnaowaiga, mlango wanaoringia kuliko yote ule mweusi wa waziri mkuu pale Downing namba 10 ulikuwa wa mbao ya mwaloni, baada ya shambulio la 1991 wakaweka chuma wakapaka rangi nyeusi ing'ae. Watu wakubwa wanaishi na chuma sisi tunabishana vanishi

Mama Kijacho: Kwa hiyo mama wa dera la zambarau na waziri mkuu wana mlango mmoja

Seremala Mstaafu: Angalau wao chuma ndiyo wamekipaka rangi. Siyo mninga.

Msubiri Advansi: Nyie mna bahati mna milango ya kutukaniwa. Mimi fundi wangu kachukua advansi tangu kabla ya Ramadhani, kila nikipiga "bosi mlango uko kwenye vanishi". Vanishi gani hiyo isiyokauka? Sebuleni nimeziba na turubai, jana upepo umelibeba nimelikuta kwa mjumbe.

Kibatari: Anakwambia niko njiani na nyuma inasikika sauti ya randa?

Msubiri Advansi: EEEH! Unamjua?

Kibatari: Ile sauti ya randa karekodi kwenye simu. Nimemkuta baa anaipiga, mezani hakuna hata ubao wa chapati

Msubiri Advansi: Nimekaa chini. Baa ya wapi nipe ramani

Mleta uzi: Jamani mada. Alishika simba. Akauliza

Kiroboto: Dada fungua nusu ya juu upate hewa

Mwana Chanika: Samahani nimechelewa, nimeona mmegusia mchwa. Kwangu walikula fremu yote kwa ndani, nje rangi imesimama yenyewe inang'aa, mimi nikawa naisifia kwa wageni. Siku nimeegemea kidole kikaingia mpaka kwenye pete. Mnawaua na nini hawa?

Seremala Mstaafu: Ulitakiwa upake oili chafu upande unaogusa ukuta kabla hujajengea. Na fremu isikae kwenye udongo. Sasa hivi ng'oa tu, hapo hakuna mbao, kuna rangi.

Mama Kijacho: Oili chafu inanuka balaa sisi tulihamia na barakoa

Punguza Mwendo: Bora inuke. Gereji wanakupa bure ukiwa na dumu lako ila saa hizi wameshtuka nao wanauza

Mwana Chanika: Dumu la lita tano litatosha fremu ngapi wakuu? Nina nane

Mleta uzi: Mimi nalala.

Seremala Mstaafu: Inategemea, fremu zako mbili kwa nne au mbili kwa sita?

Mwana Chanika: Mbili kwa sita. Ila moja fundi alipunguza na randa ili iingie

Msubiri Advansi: Fundi gani huyo, ana kofia ya njano?